Hizo Nywele Hazikutoka Brazil

Tuanze na jambo ambalo kila muuza nywele katikati ya jiji la Nairobi analijua na hakuna anayekuambia. Hizo nywele ulizouziwa kama za Brazil hazijawahi kuiona Brazil. Zile za Peru nazo hazijui Peru iko upande gani. Hayo ni majina ya biashara tu, ya kutofautisha za mawimbi na zilizonyooka, nzito na nyepesi. Sehemu kubwa ya nywele bora za binadamu zinazozunguka dunia hii hutoka India, na nyingi kati ya hizo hunyolewa juu ya milima, katika miji ya mahekalu, na watu waliokuwa wameweka nadhiri.

Mimi nimefika mlima mmoja wa hiyo. Sikwenda kutalii. Nilikuwa nimempeleka mamangu Chennai kwa matibabu ya saratani, vile familia nyingi za Kenya hufanya: mnafungua kikundi cha WhatsApp, mnachanga, mnauza ng'ombe wa nyanya, mnapanda ndege. Nilirudi na hasira ambayo bado haijaisha. Na si hasira kwa Wahindi. Ni hasira kwetu.

Mama alianza kemo hapa nyumbani. Nywele zilitoka zote baada ya dozi ya pili, asubuhi moja, kwenye mto wa kulalia. Nilimnunulia wigi la shilingi 18,000. Muuzaji akaniapia ni za Brazil, safi, hazijawahi kutiwa dawa. Mama akavaa, akarudi kanisani, akakaa mstari wa tatu kama kawaida. Hakuna aliyejua, na hivyo ndivyo alivyotaka.

Jumapili ya pili mhubiri akaamka na nywele. Akasema zinatoka India, ambako zinatolewa sadaka kwa mashetani, na kila mwanamke anayezivaa amebeba kichwani agano asilolijua. Akasema ndiyo maana ndoa hazidumu na magonjwa hayaishi. Watu wakapiga makofi. Mama alitoka katikati ya ibada, akaenda choo, akavua wigi, akalitia kwenye mkoba, akafunga leso. Tuliporudi nyumbani aliniuliza swali moja tu: "Kwani huu ugonjwa niliuvaa?"

Wigi alikuja kuvaa baada ya kuugua. Hata hesabu ya kalenda ilitosha kumjibu mhubiri. Lakini ukiwa mgonjwa hufanyi hesabu. Unatafuta kosa lako.

Tulipofika Chennai, joto lilifanya kile mimi nilishindwa kufanya. Wigi lilimwasha, akaliacha chumbani, akatoka kwenda sokoni kichwa wazi. Dereva wa tuktuk akamtazama kwenye kioo, akatabasamu, akauliza neno moja: "Tirupati?" Mama hakuelewa. Kesho yake muuza matunda: "Tirupati?" Siku ya tatu mlinzi wa duka la dawa akaweka mkono kifuani, akainamisha kichwa kidogo, akauliza vilevile. Mama akaanza kukasirika. Alidhani ni tusi.

Mwenye nyumba ya wageni tuliyokuwa tumepanga ndiye alitufafanulia. Sisi tulimwita Amma, yeye alimwita Mama Akka, yaani dada mkubwa. Alisema huku mwanamke akionekana amenyolewa kipara, jambo la kwanza watu wanalofikiria ni kwamba alikuwa na shida kubwa, akaomba, akajibiwa, akaenda kumpa Mungu nywele zake. Wanampa heshima. Ukiwa Nairobi, mwanamke akinyoa Jordan watu wanauliza ni mume amemwacha, ni virusi, ama ni akili.

Amma mwenyewe alikuwa na nadhiri. Bintiye alikuwa amepona baada ya kulazwa muda mrefu, na nywele za Amma, zilizofika kiunoni, zilikuwa za kwenda. Daktari alikuwa ametupa wiki mbili za kusubiri kabla ya vipimo vya mwisho. Amma akasema, twende wote.

Tirupati iko katika jimbo la Andhra Pradesh, kama kilomita 140 kutoka Chennai. Ni mji wa kawaida wa India, wenye kelele na pikipiki, umekaa chini ya milima. Hekalu lenyewe liko juu, Tirumala, katikati ya milima saba ambayo waumini wanasema ni vichwa saba vya nyoka Adisesha. Kutoka Alipiri, kwenye mguu wa mlima, kuna ngazi 3,550 za kupanda. Amma alizipanda pekupeku, pamoja na nyanya wa miaka sabini na vijana waliokuwa wakiimba jina la Mungu, "Govinda! Govinda!" Sisi tulipanda basi. Pale Alipiri unakaguliwa kama uwanja wa ndege: pombe, sigara na nyama hazipandi mlimani. Hata maua, nililoambiwa na kuliona, wanawake hawavai kichwani wakiwa juu kule. Maua yote ya mlima ni ya Mungu.

Huyo Mungu anaitwa Venkateswara, umbo la Vishnu, na hadithi zake zilimfurahisha mama kuliko chochote. Inasimuliwa kwamba alikopa pesa kwa Kubera, mhazini wa miungu, ili afunge ndoa na Padmavati, na kwamba waumini wanaotia pesa na dhahabu kwenye mfuko wa sadaka wanamsaidia kulipa riba mpaka leo. Mkenya yeyote mwenye Fuliza angemwelewa. Hadithi ya pili ni ya nywele. Aligongwa kichwani, akabaki na doa la kipara. Binti mfalme mmoja, Neela Devi, akaliona, akakata nywele zake mwenyewe akamfunika. Bwana akaahidi kwamba nywele zote zitakazotolewa pale zitakuwa za Neela Devi, na mlima mmoja kati ya ile saba, Neeladri, una jina lake.

Sikia hapo vizuri. Katika hadithi hiyo, wigi la kwanza lilivaliwa na Mungu, na alipewa na mwanamke kwa huruma.

Mahali pa kunyolea panaitwa Kalyanakatta. Usifikirie kitu cha kutisha. Fikiria ofisi kubwa ya serikali inayofanya kazi. Unapewa tokeni na wembe mpya, unaoneshwa kinyozi wako, unakaa chini, unamwagiwa maji kichwani, na kwa dakika chache zimekwisha. Hulipi. Wanawake wana vinyozi wanawake. Asiyetaka kunyoa zote anaweza kutoa vishungi vitatu tu. Nywele zinaingia kwenye mapipa makubwa ya chuma, halafu watu wanapakwa msandali uliosagwa, wa manjano, kwenye kichwa kilichobaki. Hazipelekwi mbele ya sanamu yoyote. Amma alisema maana yake ni moja: kuacha majivuno. Unaweka chini kitu unachokipenda kwenye sura yako, unaingia kwa Mungu ukiwa sawa na wengine.

Nilitoka nje nikasimama. Walikuwepo mamia ya watu wenye vipara vya manjano. Mabibi harusi wapya, wahasibu, wakulima, watoto wa mwaka mmoja. Na katikati yao mamangu, Mluhya wa Kakamega, mwenye kichwa kama chao. Hakuna aliyemtazama mara mbili. Kwa miezi saba nilikuwa nimemzoea akitembea kama mtu aliyeiba. Siku hiyo alinunua karanga, akaketi kando ya bwawa la hekalu, akavuka miguu.

Sasa usidhani nimekuja kukupambia mlima. Nilimwona msichana wa kama miaka kumi na miwili akilia huku ananyolewa, na nadhiri ilikuwa ya babake, haikuwa yake. Niliona foleni ya bure ambayo watu walikuwa wamekaa kwa saa nyingi ndani ya vyumba vya kusubiria, na foleni ya rupia 300 inayokwenda haraka, na juu yao wapo wale wanaochangia rupia 10,000 kwa mfuko wa hekalu wakapata nafasi ya wakubwa. Januari 2025 watu sita walikufa katika mkanyagano mjini Tirupati wakigombania tokeni za kuingia hekaluni. Ukisoma hayo ukaanza kusema "hao watu", kumbuka nani hukaa viti vya mbele kanisani kwenu wakati mwanasiasa amekuja na bahasha.

Hekaluni hatukuingia. Asiye Mhindu anatakiwa kutia sahihi tamko kwamba anamwamini Bwana wa pale. Nilikuwa tayari kutia, nilisema ni karatasi tu. Mama akakataa. "Siwezi kuandika naamini nisichokiamini. Nitamdanganyaje Mungu wa mtu nyumbani kwake?" Tukabaki nje. Nakwambia hili ili ujue kwamba mwanamke aliyeambiwa amebeba agano la mashetani ndiye aliyekataa kutia kidole pale ambapo bintiye, msomi, angetia bila kufikiri.

Hebu nirudi kwa mhubiri, kwa sababu hoja yake si yake peke yake na si ya Kenya peke yake. Mei 2004 huko Israel, rabi mkubwa Yosef Shalom Elyashiv aliamua kwamba wanawake wa Kiyahudi wa madhehebu yake wasivae wigi za nywele za India zilizotoka kwa unyoaji huu, kwa kuwa zina uhusiano na ibada ya sanamu. Wanawake walichoma wigi zao hadharani, hata Brooklyn, Marekani. Hata kama hukubaliani na uamuzi huo, tambua tofauti. Yule alikuwa anajibu swali la sheria ya dini yake, walipeleka watu kuchunguza unyoaji wenyewe, na hasara ilikwenda kwa kila nyumba, maskini na tajiri. Huyu wetu hakuchunguza chochote. Aliona video, akaifanya mahubiri, akawapiga nayo wanawake waliokuwa mbele yake, akapita na kapu la sadaka. Na mke wake, Mungu ananiona, alikuwa amevaa nywele zinazofika mgongoni.

Wa pili ninaogombana naye ni muuzaji. Niliporudi nilimwendea yule yule. Nikamwambia nimeona zinakotoka. Akacheka. "Dada, ukiandika India hawanunui. Wengine wanaogopa mapepo, wengine wanadharau Wahindi." Angalia hiyo biashara vizuri. Hekalu linazipanga nywele kwa urefu, linaziuza kwa mnada wa mtandaoni, na katika bajeti za miaka ya karibuni limetarajia kupata zaidi ya rupia bilioni 1 kwa mwaka kutokana nazo. Wanunuzi wanazisafisha, wanazichambua, nyingi zinapelekwa China kushonwa, kisha zinatufikia. Kila mtu kwenye mnyororo huo anajua zilikotoka, isipokuwa wewe unayelipa bei ya mwisho. Wewe unapewa Brazil, na raha za pwani yake, ili usimfikirie mwanamke wa Andhra aliyekaa chini na maji yanamtiririka usoni.

Sisemi wigi lako limetoka Tirumala. Zipo zinazonunuliwa mitaani, zinazookotwa kwenye vitana, zinazouzwa na wanawake wenye njaa vijijini. Nasema hujui, na umelipa ili usijue.

Nilimuuliza Amma kama anajua nywele zake zitauzwa. Alinitazama kana kwamba nimeuliza kama jua ni moto. "Najua. Nikishatoa si zangu. Wewe ukitoa pesa kanisani kwenu, unaifuata uone imeishia wapi?" Akanionesha ukumbi wa chakula, ambako maelfu kwa maelfu wanalishwa bure kila siku bila kuulizwa dini, na sisi tulikula pale wali na sambar kwenye jani la mgomba. Akanitajia hospitali na chuo cha wanawake vinavyotegemezwa na hekalu kule chini. Sikumshinda. Bado naona si haki kwamba katika mnyororo wote huo, mwenye kichwa ndiye pekee asiye na chake. Lakini hiyo ni hoja yangu na yake, watu wawili tunaoheshimiana. Wewe uliyeambiwa Brazil hujafika hata mlangoni mwa hoja hiyo.

Halafu kuna kundi la tatu, marafiki zangu. Hawa wa nywele za asili. Wameniambia suluhisho ni rahisi: tuache kabisa, mwanamke Mwafrika atembee na zake. Ni maneno matamu kwa mwenye nywele. Mama alihitaji lile wigi siku ya kwenda benki kuomba mkopo, akiwa na uso wa mgonjwa. Lilimvusha. Sitamruhusu mtu amwambie alijichukia.

Na hata hizo "za asili" tunazisifu lini? Shule nyingi hapa Kenya bado zinamwambia msichana anyoe ndipo aripoti. Mwaka 2019 ilibidi Mahakama Kuu iamue kwamba msichana wa Kirastafari aliyefukuzwa shule kwa sababu ya rasta zake arudishwe darasani. Tunamnyoa akiwa na miaka kumi na minne bila kumuuliza, tunamwambia ni nidhamu. Akifika ishirini tunamwambia kipara ni aibu, avae kitu. Akivaa tunamwambia ana mapepo. Akivua tunamuuliza anaumwa nini.

Ule ukumbi wa chakula wa Tirumala una jina la Tarigonda Vengamamba, mshairi wa karne ya 18. Alifiwa na mume akiwa bado mdogo, na desturi ya wakati huo ilitaka mjane anyolewe. Inasimuliwa kwamba alikataa. Akaishi na nywele zake, akatunga mashairi yake, na leo maelfu waliojinyoa kwa hiari wanakula chini ya jina la mwanamke aliyekataa kunyolewa kwa nguvu. Nililifikiria hilo njia nzima ya kushuka mlima, basi likikata kona. Watu wale, pamoja na makosa yao yote, wameweza kuwaheshimu wote wawili. Sisi hatujaweza hata mmoja.

Ukiishi Nairobi umepita mbele ya lile hekalu la Swaminarayan, barabara iliyokuwa Forest Road na ambayo sasa ina jina la Profesa Wangari Maathai. Liko pale tangu 1999. Mimi nimelipita kwa matatu miaka yote ya chuo, masikio yamezibwa na muziki, bila kuuliza watu wa ndani wanaamini nini. Tangu 2017 serikali inawahesabu Wakenya wenye asili ya Asia kuwa kabila la 44. Tunachukua chapati zao, chai ya masala yao, sinema zao, na sasa nywele za binamu zao wa mbali, halafu tunaogopa Mungu wao kama kichaa cha mbwa.

Basi ninachotaka ni hiki. Muuzaji aandike India kwenye pakiti, na anayeogopa asinunue. Mhubiri aache kutafuta shetani kwenye vichwa vya wagonjwa. Kama hana la kusema kuhusu saratani, anyamaze au achangie tikiti ya ndege. Na wewe, ukimwona mwanamke ana kipara kwenye matatu, usimuulize amepatwa na nini. Kama huwezi kunyamaza kabisa, muulize walivyomuuliza mama. Hakuna atakayeelewa, lakini hata huo mchanganyiko ni afadhali kuliko ile sura mnayoifanya.

Vipimo vya mama vilitoka vizuri. Nywele zake zinaota, nyeupe, fupi, ngumu kama za mtoto wa kiume. Wigi alimwachia mgonjwa mwingine kutoka Kenya, kwenye wodi kule Chennai, akamwambia wazi: "Nadhani hizi ni za hapa hapa. Ukivaa, mwombee aliyezitoa." Na siku tuliyoondoka kwenda uwanja wa ndege, dereva wa tuktuk alitazama kwenye kioo, akauliza, "Tirupati?"

Mama akajibu, "Ndiyo, nimetoka huko."